Somo la Sita: Kubadili Tairi la Lori kwa Usalama

Kila anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Tunduma ameliona jambo hili: lori limesimama nusu ndani na nusu nje ya lami, tawi la mti limelazwa nyuma yake, utingo amejilaza chini ya ekseli akipandisha jeki, na dereva amesimama kando akitazama saa. Kazi hiyo hufanyika kila siku, na kwa kuwa hufanyika kila siku, wengi huidhania kuwa nyepesi. Siyo nyepesi. Mwenye kuifanya hukabiliwa na hatari tatu kwa wakati mmoja: magari yanayopita, uzito ulio juu yake, na upepo uliofungiwa ndani ya tairi.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wamiliki wa malori, madereva, utingo, na wananchi wanaokodi malori kusafirisha mazao au bidhaa zao. Lengo lake ni kumwezesha msomaji kutambua hatua sahihi, kujua wakati wa kuacha kazi na kumwita fundi, na kudai vifaa vinavyostahili.

1. Tofauti kati ya tairi la lori na la gari dogo

Tairi la gari dogo kwa kawaida hujazwa upepo wa psi 30 hadi 35. Tairi la lori kubwa hujazwa takribani psi 100 hadi 120. Kwa psi 100, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa tairi husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7. Eneo la sentimita 10 kwa 10, karibu sawa na kiganja cha mkono, husukumwa kwa nguvu inayolingana na kilo 700. Nguvu hiyo ikifunguka ghafla, mtu hana muda wa kukwepa.

Aidha, tairi la lori pamoja na rimu yake huweza kufikia uzito wa takribani kilo 100. Gurudumu hilo likimwangukia mtu mguuni au kifuani, madhara yake ni makubwa hata kama halina upepo ndani yake.

Jambo la tatu ni aina ya rimu. Malori mengi, hasa ya zamani yanayotumia tairi zenye mpira wa ndani, yana rimu ya vipande: rimu yenyewe na ringi ya chuma inayolishikilia tairi lisitoke. Ringi hiyo hushikiliwa na mfereji mwembamba tu. Ikiwa ina kutu, imepinda, au haikukaa vema katika mfereji wake, upepo huweza kuirusha kwa kasi ya kuua. Kwa sababu hiyo, usisimame wala kuinama mbele ya uso wa gurudumu lenye upepo unapolishughulikia. Simama upande wa kukanyagia barabara.

2. Mahali pa kusimama

Pancha haichagui mahali, lakini dereva anaweza kuchagua. Tairi likipasuka, shika usukani kwa uthabiti, punguza mwendo polepole bila kukanyaga breki kwa ghafla, kisha tafuta sehemu tambarare, ngumu na iliyonyooka nje ya lami. Kuendesha taratibu mita mia chache ili kuondoka katika kona au mteremko ni afadhali kuliko kuliokoa tairi ambalo tayari limeharibika. Mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa si mahali pa kuinulia lori kwa jeki, isipokuwa gari limeshindwa kabisa kusogea. Likishindwa, omba msaada wa polisi kupitia namba ya dharura 112 kabla ya kuanza kazi.

Baada ya kusimama, fanya yafuatayo kwa mpangilio:

(a) Washa taa zote za tahadhari, zima injini na funga breki ya kuegesha.

(b) Vaa kizibao cha kuakisi mwanga, na msaidizi wako avae chake.

(c) Weka pembetatu za kuakisi mwanga nyuma na mbele ya gari. Inashauriwa ya nyuma iwe umbali usiopungua mita 50, na zaidi ya hapo kwenye kona au kilima, ili dereva anayekuja aione kabla hajaliona lori. Tawi la mti halionekani usiku, na wala halichukui nafasi ya pembetatu.

(d) Washushe abiria na uwasogeze mbali na barabara. Mtu yeyote asibaki ndani ya kabini, na asiachwe mtu kupumzika katika kivuli cha lori.

(e) Zuia magurudumu kwa kabari, mbele na nyuma, upande ambao hautainuliwa. Breki ya kuegesha ya malori mengi hushika magurudumu ya nyuma. Unapoinua upande mmoja wa nyuma, sehemu ya uwezo wa breki hiyo hupotea. Kabari ndiyo inayolizuia gari lisikusogelee.

Iwapo lori limebeba mafuta au kemikali, usiruhusu watu kukusanyika, na usiruhusu moto wala sigara. Ajali ya lori la mafuta iliyotokea Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, iliyoua zaidi ya watu 100, ilituonesha sote kwamba umati ulio karibu na mzigo wa aina hiyo uko hatarini. Dalili ya kuvuja ikionekana, ondokeni na mpige simu Zimamoto kwa namba 114.

3. Hatua za kubadili tairi

Hatua ya kwanza: chunguza bila kugusa. Angalia kama rimu imepasuka, ringi imetoka katika mfereji wake, au tairi limevimba ubavuni. Ukiona mojawapo, watu wasogee mbali, na aitwe fundi mwenye uzoefu wa matairi ya malori.

Hatua ya pili: weka jeki mahali pake. Jeki ikae chini ya ekseli, karibu na springi, au mahali palipoelekezwa na mtengenezaji. Iwekwe juu ya ubao mpana na mgumu ili isizame ardhini. Hakikisha uwezo wake unazidi uzito utakaoinuliwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli moja yenye magurudumu manne hairuhusiwi kuzidi tani 10. Upande mmoja wa ekseli hiyo hubeba takribani tani 5, na jeki inapaswa kuwa na uwezo mkubwa zaidi ya huo. Jeki ya gari dogo haifai hata kidogo.

Hatua ya tatu: toa upepo wote. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayookoa maisha. Kabla ya kulegeza nati hata moja, fungua kiini cha valvu cha tairi lililoharibika na uache upepo uishe kabisa. Pitisha waya mwembamba katika valvu kuhakikisha haijaziba. Ikiwa magurudumu ni pacha, toa upepo katika yote mawili, kwani huwezi kuona vizuri madhara yaliyolipata la ndani. Ndiyo, itakubidi kulijaza upya tairi zima. Dakika hizo ni bei ndogo.

Hatua ya nne: legeza nati kidogo tu, gurudumu likiwa bado limegusa ardhi. Tambua mwelekeo wa nati kwanza. Katika baadhi ya malori ya zamani, nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume na zile za kulia. Mara nyingi stadi zake huwa na alama ya herufi L. Usiruke juu ya spana, na kamwe usitumie moto wa gesi kulegeza nati iliyogoma wakati tairi liko kwenye rimu. Joto hilo huweza kulilipua tairi, hata lile lililotobolewa.

Hatua ya tano: inua na uegemeze. Inua hadi tairi liache ardhi kidogo, kisha weka stendi ya chuma au mbao nene ngumu zilizopangwa kwa kupishana chini ya ekseli. Mawe na matofali hupasuka bila onyo. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake.

Hatua ya sita: ondoa gurudumu na weka la akiba. Nati zifunguliwe zote, na gurudumu liondolewe na watu wawili. Kabla ya kulifunga jipya, safisha kutu, matope na rangi iliyobabuka katika sehemu zinazogusana. Uchafu huo husagika baada ya safari fupi na kuacha nati zikiwa zimelegea.

Hatua ya saba: funga nati kwa kupishana. Baada ya kufunga moja, nenda kwenye inayoikabili upande wa pili, na rudia mzunguko mara mbili au tatu ukiongeza nguvu polepole. Shusha gari, kisha kaza kwa mara ya mwisho kwa spana yenye kipimo. Magurudumu mengi yenye stadi 10 za milimita 22 huhitaji takribani Nm 600 hadi 700. Kiwango sahihi cha gari lako kimo katika kitabu chake.

4. Kujaza upepo

Tairi lililotembezwa likiwa na upepo wa asilimia 80 au chini ya kiwango chake lisijazwe upya barabarani. Nyuzi zake za ndani huenda zimekatika, na ubavu wake unaweza kupasuka ghafla wakati wa kujazwa. Livuliwe, likaguliwe na fundi, kisha lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Anayejaza atumie mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwenye valvu, na asimame pembeni. Usipige ringi kwa nyundo ikiwa tairi lina upepo.

Mtumiaji ana haki ya kuuliza. Unapofika kwa fundi wa matairi, angalia kama ana kizimba na kipimo cha upepo. Ukikuta tairi la lori linajazwa likiwa limelazwa chini huku watoto wakitazama, ondoka, na umweleze sababu ya kuondoka kwako.

5. Baada ya kuondoka

Kusanya kabari, mawe na matawi yote. Jiwe lililoachwa juu ya lami ni ajali ya mwendesha pikipiki atakayepita usiku. Simama tena baada ya kilomita 80 hadi 160 ukaze nati upya, kwani nati mpya hukaa na kulegea kidogo mwanzoni.

6. Wajibu wa mmiliki na mwenye mzigo

Utingo hawezi kutumia stendi ambayo haikununuliwa. Kabla ya safari, mmiliki ahakikishe ndani ya lori mna jeki inayofaa, stendi, kabari zisizopungua mbili, pembetatu, vizibao, tochi, spana na tairi la akiba lenye upepo kamili. Mwenye mzigo naye asimshinikize dereva kwa simu kila dakika. Nyanya zikichelewa kufika sokoni, hasara yake huhesabika. Kijana aliyepigwa na ringi kwa sababu aliambiwa "fanya haraka" hafidiwi kwa hesabu yoyote.

Jipime

1. Kwa nini upepo hutolewa kabla ya kulegeza nati?
2. Ni upande gani wa gurudumu ambao hupaswi kusimama?
3. Jeki na stendi zina kazi gani tofauti?
4. Ni tairi lipi halipaswi kujazwa upya barabarani?
5. Katika lori lako au unalolikodi, ni kifaa gani kati ya vilivyotajwa hakipo leo?

Swali la tano lijibiwe kabla lori halijatoka.