Ua wa Mizinga ya Nyuki Huko Sagala

Chini ya mlima wa Sagala, karibu na mji wa Voi, yako mashamba yaliyo jirani na Mbuga ya Tsavo, iliyowekwa mwaka 1948. Mvua za huko ni chache, na hata zikinyesha vema mkulima hana raha. Maana mahindi yakaribiapo kukomaa, tembo huja usiku. Kundi moja laweza kumaliza kwa saa chache chakula ambacho jamaa nzima ilitazamia kula miezi mingi. Naye atokaye gizani kuwafukuza kwa kupiga debe huhatarisha maisha yake.

Wakulima wa Sagala, wakishirikiana na chama cha Save the Elephants, wamepata walinzi wengine, nao ni nyuki. Tembo, ijapokuwa ngozi yake ni nene, huogopa nyuki, kwa sababu humwuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga.

Ua wenyewe hujengwa hivi. Nguzo husimamishwa kulizunguka shamba, na mizinga hutundikwa baina yake, yote ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya ili apite, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Eka moja huhitaji mizinga 12. Na ili kupunguza gharama, mizinga mingine 12 ya bandia, ya ubao tu, hutundikwa katikati ya ile ya kweli. Kila mzinga wapasa kuwa na paa la kuukinga na jua.

Mashamba 26 yalichunguzwa tangu 2014 hadi 2020. Wakati wa mazao, tembo wapatao 86 katika kila 100 waliokaribia nyua hizo walizuiwa. Asali nayo ikauzwa.

Lakini ukame wa 2017 ulileta funzo la pili. Maua yalikosekana, mizinga yenye nyuki ikapungua kwa robo tatu, na tembo wakazidi kupenya kwa miaka mitatu. Basi yafaa mkulima awawekee nyuki maji wakati wa kiangazi, wala asitegemee ua peke yake. Na apande pilipili, ambayo tembo haitaki, na alizeti, ambayo maua yake hulisha nyuki.

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Huko Sagala, amtunzaye nyuki hula asali na mahindi pia.