Dondoo muhimu: Kuonja bia za viwanda vidogo

Ukiwekewa bia sita mezani, kazi si kuzinywa. Kazi ni kuzikumbuka.

• Anza na nyepesi, kama laga au ya ngano. IPA na stauti ziwe za mwisho, maana ulimi ukishapigwa na hopsi hausikii kingine.
• Mililita 60 hadi 100 kwa kila bia zinatosha.
• Usiagize baridi ya kuganda: huua harufu. Stauti iache mezani hadi nyuzi 10 au 12. (Mhudumu atakushangaa, mwache.)
• Suuza glasi vizuri. Mafuta ya mdomo na sabuni huvunja povu.
• Nusa kwanza, onja, kisha meza. Hii si divai ya kutema. Uchungu wake hukolea ukishameza.
• Jua kasoro: harufu ya boksi lililolowa, bia imezeeka; ya kicheche, chupa imekaa juani; ya siagi, uchachushaji ulikatizwa mapema.
• “Mbaya” si uhakiki. Andika: “chungu kama ganda la balungi, povu limekufa mara moja.”
• Kati ya bia na bia, maji na mkate mtupu. Pilipili baadaye.
• Gari libaki nyumbani.