Gayogayo, Samaki Amshindaye Papa

Wasomaji wa bara huenda hawajapata kumwona gayogayo, samaki bapa kama wayo wa mguu, alalaye mchangani pwani kwetu. Azaliwapo ana jicho kila upande. Akikua jicho moja huhama, yote mawili yakawa upande mmoja, naye akalalia ubavu wa pili. Hujifukia, akabakiza macho tu.

Yuko mmoja mwenye madoadoa, apatikanaye toka Bahari ya Shamu hata Afrika ya Kusini. Mashinani mwa mapezi yake mna vitundu vitoavyo sumu nyeupe kama maziwa. Miaka ya 1970 Bibi Eugenie Clark, mtaalamu wa Marekani, alimjaribu kwa papa. Papa akaja kinywa wazi, akashindwa kukifumba, akakimbia! Watu walitumaini kuwakinga waogeleaji kwa sumu hiyo, lakini ikiwekwa huharibika upesi.