Pombe na Ubongo

Tunduma ni mji wa mpakani mkoani Songwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu wasiofika 100,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 200,000. Madereva wa malori husubiri hapo kuvuka kwenda Zambia. Penye wasafiri wengi hapakosi vilabu vya pombe.

Pombe huingia katika damu, hufika kwenye ubongo na kuupumbaza. Mtu anywapo kila siku, ubongo huizoea. Akiikosa, hutetemeka na kutokwa jasho. Hali hii huitwa uraibu. Uraibu ni ugonjwa. Kumwachisha mraibu pombe ghafula huweza kumwua, apelekwe hospitali.

Maswali
1. Kwa nini mraibu hutetemeka?
2. Je, ni haki kumcheka? Eleza.