Kabla ya kumtumia shemeji pesa ya moteri

Mdogo wangu wa Nyabiondo, ujumbe wako umefika. Unasema mashine ya kusaga ya kikundi chenu cha akina mama, ile yenye moteri ya zamani aina ya Lister, inatoa moshi, nguvu imekwisha, na watu wanarudi nyumbani na mihogo yao mikavu kichwani kama walivyokuja. AVEC, kikundi chenu cha kuweka akiba na kukopeshana, imekubali kutoa pesa. Shemeji yako aliye Goma yuko tayari kuingia Birere kununua moteri ya Kichina, tena kubwa kuliko zote dukani, ya nguvu farasi 22, "ili msiteseke tena". Unachoniuliza ni kama pesa itumwe wiki hii.

Isitumwe. Shemeji simjui na simshuku. Ila yeye atanunua moteri, na nyinyi mnachohitaji ni unga. Kati ya moteri na unga kuna puli mbili, mkanda, kinu na sakafu, na hivyo vyote viko kwako Nyabiondo, haviko Birere.

Kwanza tujue kama mgonjwa amekufa kweli. Moshi una lugha yake. Ukiwa wa bluu, mafuta ya kulainishia yanapanda na kuungua, na mara nyingi ni ringi za pistoni au silinda iliyolika. Ukiwa mweusi, moteri imebebeshwa kupita uwezo, au chujio la hewa limejaa vumbi la unga, au injekta inatema vibaya. Mweupe unaodumu hata baada ya moteri kupata moto unaonyesha mazutu hayaungui sawasawa, au maji yanaingia pasipo pake. Halafu funga mazutu, shika manivela, zungusha pole pole bila kufungua ile valvu ya kupunguza mgandamizo. Kama mkono unakutana na ukinzani mkali kila pistoni inapopanda, mgonjwa bado anapumua. Kama inapita laini tu, hapo kuna kazi.

Nakwambia haya kwa sababu Lister za namna hiyo ni za kufufuliwa. Zilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, kisha Wahindi wa Rajkot wakazinakili kwa miaka mingi, na vipuri vyake bado vinazunguka Afrika Mashariki. Zinaenda taratibu, ile ya nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, ya 8 kwa mizunguko 850, ndiyo maana zinazeeka polepole hivyo. Mwulize fundi bei ya ringi, pistoni na kuchonga silinda upya, akuandikie kwenye karatasi. Ikifika nusu ya bei ya moteri mpya, anza kusita. Ikiwa robo, mimi ningefufua bila kufikiri mara mbili.

Lakini tuseme fundi amefungua na kukuta shafti ya ndani imepasuka. Basi tunabadilisha, na hapa ndipo nataka ukae chini na kalamu.

Pima puli ya moteri yenu ya zamani. Pima puli ya kinu. Tuseme ya moteri ina kipenyo cha sentimita 20, ya kinu 28, na moteri yenu ni ile ya 8, inayozunguka mara 850. Zidisha 850 kwa 20, gawanya kwa 28: kinu kinazunguka kama mara 607 kwa dakika. Kinu cha sahani kinafurahia mwendo wa namna hiyo. Sasa shemeji analeta moteri ya Kichina. Ile inayoitwa S195, iliyoenea kila mahali, ina nguvu farasi 12 na inazunguka mara 2,000. Fundi mwenye haraka atahamisha puli ile ile ya sentimita 20, avute mkanda, awashe, watu wapige vigelegele. Kinu sasa kinazunguka zaidi ya mara 1,400. Sahani zinapata moto, unga unatoka umeungua na una harufu, beringi zinalia, na kabla mwezi haujaisha mtasema vitu vya Kichina ni vibovu. Kosa silo la Mchina.

Dawa yake ni puli. Weka ya sentimita 12 kwenye moteri na ya 40 kwenye kinu, umerudi kwenye 600. Usijaribu kuokoa pesa kwa kuweka kijipuli kidogo sana kwenye moteri, kwa sababu mkanda utakunjwa mno, utateleza na kukatika. Na kama kinu chenu ni cha nyundo, si cha sahani, hesabu inabadilika, kwa kuwa nyundo zinahitaji mwendo mkubwa. Fuata namba iliyogongwa kwenye kibati cha kinu, usiipite hata kidogo. Nyundo iliyochomoka ndani ya mashine inatoboa bati.

Sasa hizo nguvu farasi 22. Naelewa, mwanaume akifika dukani jicho linaenda kwenye kikubwa. Kinu chenu kimeishi miaka yote kwa 8. Kipe 22 na siku jiwe likiingia ndani na kukwama, moteri haitasimama kwa heshima, itavunja kinachokwama. Tena mtakuwa mnanunua mazutu ya kulisha nguvu ambayo hamuitumii. Ni kweli milima yetu inakula nguvu: kwa kila mita 100 za kupanda, moteri inayovuta hewa yenyewe inapoteza kama asilimia 1. Kijiji kikiwa kwenye mita 1,700, hizo 12 zinabaki kama 10. Bado ni zaidi ya mlichokuwa nacho, maana Lister nayo ilikuwa inapoteza vile vile. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Walikale, kule chini msituni, anasifu moteri yake ndogo kwamba inasaga mchana kutwa, usimwige namba yake. Hewa yake ni nzito kuliko yako.

Mwelekeo wa mzunguko nao usipuuzwe. Kabla ya kung'oa ya zamani, chora mshale kwa chaki kwenye kinu kuonyesha kinazungukia wapi. Mpya ikizunguka kinyume, igeuze ikae upande mwingine wa kinu, imekwisha. Wazee walikuwa wanakunja mkanda mpana kama namba nane ili kugeuza mzunguko, lakini mikanda ya V haikubali mchezo huo.

Matundu ya bolti hayatalingana, usihangaike kuyalazimisha kwenye saruji ya zamani. Fungia moteri kwenye magogo mawili mazito ya mti mgumu au vyuma vilivyochomelewa, matundu yawe marefu ili uweze kuisogeza na kukaza mkanda. Lister ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300 na ilitaka msingi. S195 ina karibu kilo 150. Ikiwa juu ya magogo, watu wanne wanaiinua, na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inaibeba. Kwa Masisi yetu hii, ambako watu hukimbia vita, mashine inayoweza kuondoka na wenyewe ni jambo la kufikiria.

Maji nayo ni tofauti. Moteri hizi nyingi za Kichina zina beseni wazi juu, maji yanachemka humo na kupungua, na ndivyo zilivyokusudiwa. Kuna kiboya chenye kichwa chekundu, kikishuka ongeza maji kidogo kidogo. Mtoto wa kuangalia kiboya asiwe yule yule anayepokea mihogo. Na kama maji yamekauka kabisa, zima, ngoja ipoe. Ukimimina maji ya baridi kwenye chuma kinachowaka, utasikia kinapasuka.

Mazutu ya Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, yaache kwenye bidoni yatulie usiku mzima, chota ya juu, pitisha kwenye kitambaa safi. Wiki za kwanza msiibebeshe mzigo wote, na mafuta ya kwanza yamwageni mapema, kabla ya saa 50 za kazi, kwa sababu yanakuwa na vumbi la chuma.

Na hili nalisema kwa sauti ya dada: kitenge na mkanda havikai pamoja. Jengeni kizuizi cha mbao au bati kufunika puli zote mbili, maana moteri mpya ina kasi zaidi ya mara mbili ya ile mliyoizoea na haitoi onyo. Mtoto mgongoni asikaribie. Bomba la moshi litoke nje ya ukuta. Kibanda cha kusagia kikijaa moshi, kichwa kinauma, na mkiendelea mtu anaanguka.

Kwa shemeji, tuma kwanza namba, pesa ifuate: aina na nguvu unayotaka, puli ya sentimita ngapi, na kipenyo cha shafti ya kinu ulichokipima mwenyewe. Mwambie aulize dukani ringi, injekta na gasketi za moteri hiyo. Kama muuzaji anayo moteri lakini hana vipuri vyake, apite duka la pili. Aiwashe hapo hapo dukani akupigie simu uisikie. Ndipo pesa itoke kwenye simu, kwa kuwa tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025 wengi tumezoea kulipa hivyo, na ujumbe wa malipo uhifadhiwe na mtunza hazina wa AVEC, si na shemeji.

Moteri isafiri mafuta yakiwa yamemwagwa na matundu yote yamefungwa kwa vitambaa, hasa huko mbele ya Sake. Walikale walizoea kuona vitu vikishuka kwa ndege ndogo kwenye kipande cha barabara cha Kilambo, sisi tuna matope.

Ile Lister msiiuze kama chuma chakavu. Ipakeni mafuta, ifunikeni, muiache pembeni mpaka mpya imalize msimu mmoja wa mahindi. Baada ya hapo mwuzieni fundi, kipande kwa kipande, na puli mbili za zamani mzibakize.