Samaki wa Mapambo Anapougua: Pima Maji Kabla ya Kununua Dawa

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kutofautisha samaki aliyedhuriwa na maji na samaki aliyepatwa na maradhi, kuchukua hatua za kwanza nyumbani, na kujua wakati ambapo dawa inafaa kununuliwa na wakati ambapo ni kupoteza fedha.

1. Sumu isiyoonekana

Samaki wa tangi la kioo hula, hupumua na kujisaidia ndani ya maji yaleyale. Uchafu wake na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wenye manufaa wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa maji hubadilishwa mara kwa mara.

Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 ili waongezeke vya kutosha. Ndiyo maana samaki wengi hufa katika majuma ya mwanzo ya tangi jipya. Mwenye tangi, akidhani ni maradhi, hununua dawa juu ya dawa. Baadhi ya dawa hizo huua bakteria wenye manufaa, na sumu iliyotakiwa kupungua huongezeka.

2. Maji yanayopatikana Kigwa na Tabora

Kigwa ilikuwa mojawapo ya vituo vya njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Mkazi wa leo anayeleta samaki hai kutoka ziwa hilo anapaswa kufahamu kuwa anawahamisha kutoka maji ya aina moja kwenda maji ya aina nyingine.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka batini karibu hayana madini. Samaki aliyehamishwa kwa ghafla hushtuka, hukataa kula na hushambuliwa kwa urahisi na maradhi. Mchanganyie maji mapya kidogo kidogo kwa muda wa saa moja au zaidi.

Aidha, ukali wa amonia hutegemea pH. Katika nyuzijoto 25, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7. pH ikiwa 9, huwa zaidi ya asilimia 30. Hivyo uchafu ambao samaki wa maji laini angeuvumilia unaweza kumuua samaki wa Tanganyika.

Maji ya bomba, yawe ya Bwawa la Igombe au ya mradi wa Ziwa Victoria uliofika Tabora, hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu. Klorini huunguza matamvua ya samaki. Yaweke maji hayo katika chombo chenye mdomo mpana, bila kifuniko, kwa saa 24 na uyakoroge mara kadhaa. Maji yaliyotiwa dawa ya kusafishia maji ya kunywa yasitumike kabla ya kufanyiwa vivyo hivyo. Maji ya kisima hayana klorini yasipotiwa dawa, lakini huweza kuwa na hewa kidogo. Nayo yakorogwe kabla ya kutumika.

3. Uchunguzi

Anza kwa kujiuliza: ni samaki wangapi wameugua, na kwa muda gani? Ikiwa karibu wote wamedhoofika ndani ya saa chache, shuku maji. Ikiwa ameanza mmoja, kisha wengine wakafuata kwa siku kadhaa, shuku maradhi. Halafu tazama dalili:

- *Kuhemea juu ya maji, matamvua mekundu au ya kahawia:* amonia, nitriti au upungufu wa hewa. Hali hii huzidi wakati wa joto na umeme unapokatika.
- *Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, samaki akijikuna kwenye mawe:* vimelea vya vidoa vyeupe.
- *Nyuzi kama pamba juu ya jeraha:* kuvu, ambayo kwa kawaida hufuata ngozi iliyokwisha kuumia.
- *Mapezi yanayolika kutoka pembeni:* bakteria, mara nyingi kwa sababu ya maji machafu.
- *Tumbo kuvimba na magamba kusimama:* viungo vya ndani vimeathirika, na matumaini ya kupona ni machache.

Kisha pima maji kwa vipimo vya matone au vya karatasi. Amonia na nitriti zinapaswa kuwa sifuri.

4. Tiba ya kwanza

Ikiwa amonia au nitriti imeonekana, badilisha robo hadi nusu ya maji kwa maji yaliyoandaliwa, acha kulisha kwa siku moja au mbili, na ongeza hewa. Usioshe chujio kwa maji ya bomba. Lisuuze katika maji yaliyotolewa kwenye tangi ili bakteria wenye manufaa wasife.

Kwa vidoa vyeupe, fahamu kwanza maisha ya kimelea. Kinapokuwa ndani ya ngozi, dawa haikifikii. Hukomaa, hudondoka chini na kugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Hapo tu ndipo dawa hukiua. Hivyo vidoa vikitoweka siku ya tatu, usiache tiba. Iendeleze kwa siku 10 hadi 14.

Chumvi ya kawaida, gramu 2 kwa kila lita, husaidia dhidi ya vimelea hivi na hupunguza madhara ya nitriti. Igawe katika sehemu tatu na uitie ndani ya saa 24. Mimea ya majini na baadhi ya kambale hawaivumilii.

Kipimo hutegemea ujazo wa maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha maji cha 30 lina sentimita za ujazo 54,000, yaani lita 54. Ukitoa sehemu ya kumi kwa ajili ya mawe na changarawe, hubaki takriban lita 49. Chumvi inayohitajika ni gramu 98.

5. Unaponunua dawa

Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kagua jina la dawa, kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye karatasi isiyo na maandishi. Usitie tangini vidonge vya antibayotiki vya binadamu: huua bakteria wa chujio na huchangia usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Dawa ya samaki wa mapambo isitumiwe kwa samaki wa kuliwa.

Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Samaki wakiendelea kufa ingawa maji ni safi, mwone ofisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Uyui au kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) kilichopo Tabora.

Osha mikono kwa sabuni baada ya kugusa tangi, na usiingize mkono wenye jeraha. Samaki mgonjwa na maji yake yasimwagwe mtoni wala bwawani, aliyekufa afukiwe.

Maswali ya kujipima

1. Samaki wote wanahemea juu asubuhi, na tangi lina wiki mbili. Utanunua dawa gani? *(Hakuna. Pima amonia na nitriti, badilisha maji, ongeza hewa.)*
2. Vidoa vyeupe vimetoweka siku ya tatu. Je, tiba imekwisha? *(La. Vimelea vilivyodondoka vitazaa vingine.)*
3. Kwa nini uchafu uleule humdhuru zaidi samaki wa Tanganyika? *(Kwa sababu pH ya maji yake ni ya juu, na amonia huwa kali zaidi.)*