Matabaka ya Nchi: Lipi Lililotangulia?

Ndugu mkulima, korongo likimeguka ukingo wake baada ya masika, usipite ukasikitika tu. Simama utazame, kwa maana limekufunulia tumbo la nchi: juu udongo mweusi, chini yake mwekundu, kisha changarawe, na chini kabisa jiwe.

Kanuni ya kwanza ya wataalamu wa miamba ni nyepesi. Katika vitu vilivyoletwa na maji au upepo, la chini limetangulia na la juu limefuata, kama mahindi ghalani: debe lililomwagwa kwanza ndilo lililo chini. Walakini yapasa kuangalia. Udongo mwekundu wa vilima vya Handeni haukuletwa na mto. Ni mwamba uliooza pale pale. Na ile mistari myeupe na myeusi katika mawe yetu si matope yaliyotandwa. Ni alama ya joto na uzito uliokandamiza mawe hayo zamani, chini sana ardhini.

Kanuni ya pili: kinachokata ni kipya kuliko kilichokatwa. Mshipa wa jiwe jeupe ukipenya mwamba, mwamba ulikuwapo kwanza. Ya tatu: kokoto iliyomo ndani ya tabaka ni kongwe kuliko tabaka lenyewe.

Kanuni hizi ziliwashinda hata wakubwa. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alikuwa Olduvai, kaskazini mwa nchi yetu, akiyahesabu matabaka toka chini na kuyapa namba. Katika tabaka la pili aliona mifupa ya mtu, akasema umri wake ni mmoja na wa tabaka lile. Wataalamu wakabishana karibu miaka 20. Hata udongo ulioizunguka mifupa ulipochunguzwa, zikaonekana chembe nyekundu za tabaka la tatu, lililo juu. Zingefikaje huko, ikiwa tabaka la tatu lilikuwa halijatandwa bado? Basi lilikuwa kaburi, lililochimbwa toka juu zama za baadaye sana. Mwaka 1933 Reck mwenyewe alikubali.

Nami nilikosea, ingawa kwa njia nyingine. Katika shamba moja la bondeni, Masuguru, nilichimba shimo nikaona mchanga wa shibiri mbili juu ya udongo mweusi. Nikamwambia mwenye shamba kwamba mto ndio ulioleta mchanga huo zamani za kale. Mkewe akainama, akachomoa katika ule weusi kipande cha jembe. "Bwana Shamba," akasema, "jembe hili niliolewa nalo."

Nikatazama kama palikuwa na shimo la zamani lililoukata mchanga, jembe likaangukia humo. Hapakuwa nalo, mchanga ulipita juu yake bila kukatika. Basi mchanga wote ule ulikuja baada ya arusi yao. Tukapanda kilimani, tukakuta mchanga ule ule, na kokoto zile zile nyeupe, katika shamba lao la juu. Udongo mweusi wa huko ulikuwa umekwisha, na mahindi yalifika magotini tu.

Chimba shimo la kufika kiunoni katika shamba lako la bondeni. Ukikuta mchanga mweupe umeufunika udongo mweusi, tafuta kilicho katikati yao: kigae, gunzi, kipande cha bati. Kisha, kabla ya vuli, piga matuta ya kukinga maji kilimani, uyalaze kukingama mteremko, uanzie juu kabisa.